Musherekha wa Mzee Kiragu

Mzee Hiram Kiragu alikuwa amelazwa chali kwenye meza ya saruji ya chumba cha maiti mjini Kitale, na midomo yake ilikuwa imebambuka.

“Koo lilivimba likafunga njia ya hewa,” daktari alisema. “Umio wote umeungua. Hii ni alkali, Inspekta, na ni kali sana.”

“Kwa nini isiwe asidi?”

“Asidi hukausha nyama ikawa gamba. Alkali huilainisha. Gusa hapa, inateleza kama sabuni.”

“Nakuamini,” Inspekta Kimaiyo akajibu, mikono mfukoni.

Alikuwa amechoka, maskini. Uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile. Ulianza miaka mingi nyuma, ukahama naye kila alipohamishwa, na sasa ulikuwa umefanya makao kwenye magoti yake na kwenye kiungulia kilichompanda kila akimaliza kikombe cha chai. Alihesabu siku za kustaafu, akashindwa, akaacha.

Kielelezo kilikuwa kimoja tu: chupa ya plastiki ya nusu lita, karibu kujaa, ndani mna maji ya hudhurungi. Nyumbani kwa Mzee Kiragu, huko Saboti, hata kuku waliijua chupa hiyo. Ilikuwa ya musherekha, yaani maji yaliyochujwa kwenye jivu la maganda ya maharagwe, ambayo Wabukusu hutia kwenye mboga ili ziive laini. Mzee alikuwa Mkikuyu, aliyelima mahindi Saboti tangu ujana wake, wala hakuzaliwa na musherekha. Alifundishwa na Nangila, binti wa Sirisia huko Bungoma, mke wa mwanawe Ngige aliyekuwa kazini ng’ambo. Alianza kwa kupenda mboga zake. Kisha akagundua kwamba funda moja la maji yale hutuliza kiungulia. Tangu hapo chupa ikakaa kando ya redio yake, na hakuna mwingine aliyeinywea.

Siku ya tukio alikula, akapiga funda lake, akaanguka akishika koo. Alikata roho kabla gari halijafika hospitali.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshamaliza kesi kichwani mwake.

“Chupa ilitumwa na mama yake huyo msichana, kutoka Bungoma,” alimwambia Kimaiyo. “Mama aliichemsha hiyo dawa yao ikakolea, ama binti ndiye aliichemsha. Wote ni wamoja. Jumatatu anasomewa shtaka la mauaji. Unataka nini kingine?”

“Nataka kujua kilicho ndani ya chupa, afande.”

“Tuma Nairobi kwa mkemia wa serikali.”

“Majibu yatakuja huyo mtoto wa Nangila anayenyonya akiwa darasa la kwanza.”

“Kimaiyo, si uende ulale tu? Kesi imejileta yenyewe, bana.”

Na kweli alitamani kwenda kulala. Kosa lake ni kwamba alipitia seli kwanza.

Nangila alikuwa ameketi kwenye blanketi la serikali, akinyonyesha. Macho yalikuwa yamevimba.

“Inspekta, baba ameshazikwa?”

“Bado.”

“Nilikuwa namuita baba. Wangu alikufa nikiwa mdogo.”

“Uliweka nini kwenye chupa?”

“Sikuweka kitu. Ilikuja imefungwa, nikampelekea hivyo hivyo. Akasema Mungu abariki mama yangu.”

“Mlikuwa mmekosana?”

“Na baba? Hapana.”

“Na mama mkwe?”

Akamhamishia mtoto titi la pili. “Mama hanipendi sana. Lakini si mtu mbaya. Huyu akizaliwa tulimpa jina lake, alilia machozi. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba yake. Huyu ni Nyaruai.” Akaufuta mdomo wa mtoto kwa kidole. “Inspekta, nikifungwa, huyu atanyonya wapi?”

Kimaiyo alitoka nje akamwita Koplo Jentrix, aliyekuwa dereva wake, mwenyeji wa Malakisi.

“Washa gari. Twende Sirisia.”

“Landrova ina mafuta ya kwenda tu, afande.”

“Basi twende. Kurudi tutajua huko.”

Njiani Jentrix hakuweza kujizuia. “Hiyo kitu tumekula tangu tuzaliwe, afande. Ingekuwa inaua, Bungoma hakungekuwa na mtu wa kupiga kura.”

“Mzee amekufa, Koplo.”

“Najua amekufa. Nasema tu si musherekha.”

“Mahakama haitaki unachosema. Inataka unachopima.”

Mama yake Nangila, Nakhungu, walimpata nyuma ya jiko. Mbele yake palikuwa na chungu kilichotobolewa chini, kimejazwa jivu, na maji yakidondoka tone tone kwenye chungu kingine. Hakuinuka kuwasalimu.

“Mumefunga mtoto wangu kwa sababu ya mboga?”

“Shikamoo, mama,” Kimaiyo akasema, ingawa walikuwa karibu rika moja. “Musherekha uliomtumia mzee, umebaki mwingine?”

“Imebaki. Ni ya maganda ile ile.”

“Uliuchemsha?”

“Kuchemsha ya nini? Maji inapita kwa jivu, inadondoka, basi. Ukitaka iwe kari unaongeza jivu.”

“Wanasema ndio uliomuua mzee.”

Nakhungu akachota kwa kata, akajaza kinywa, akameza. Jentrix aliruka kumzuia, akachelewa. Mama akajipangusa mdomo kwa kiganja, akakaa sawasawa kwenye kigoda chake.

“Haya. Tungoje nikufe.”

Wakangoja. Kuku mmoja akapita. Mama wa watu hakufa.

Kimaiyo alicheka, kicheko kikavu kilichomshangaza mwenyewe. Akaomba chupa, ikajazwa, ikafungwa, ikatiwa lebo na sahihi mbele ya mashahidi wawili kama sheria inavyotaka. Nakhungu aliwasindikiza hadi garini. Hapo ukali wote ukamwisha.

“Niambie ukweri, Inspekta. Mtoto wangu atarudi?”

“Sijui, mama. Naenda kupima.”

Mwalimu Wekoye alifundisha kemia katika shule moja ya sekondari mjini Kitale. Walimkuta maabara akisahihisha mitihani ya kidato cha tatu, na uso wake ulionyesha wazi kidato hicho kimefanyaje.

“Naona mtu mwingine amechoka hapa,” Kimaiyo akasema.

“Watoto hamsini, Inspekta, na arobaini wanaandika kwamba asidi ni maji ya betri, basi. Niletee kazi ya watu wazima, tafadhali.”

Wakamwekea chupa mbili mezani. Mwalimu akazitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Rangi zilikaribiana.

“Titresheni itatosha,” akasema. Akafunga bureti kwenye stendi, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama na koki chini. “Sikiliza, ni rahisi. Ndani ya bureti natia asidi ambayo nguvu yake naijua. Chini naweka kitu chako ambacho nguvu yake siijui. Nadondosha asidi mpaka wapatane, pasibaki ugomvi. Nikisoma asidi iliyotumika, naijua nguvu ya kitu chako.”

“Utajuaje wamepatana?”

“Kwa rangi. Nina viashiria viwili. Cha kwanza ni pinki, kinapotea. Cha pili ni manjano, kinageuka mwishoni. Na kwa kuwa sijui hii yako ina ukali gani, nitaipunguza nguvu kwanza. Kipimo kimoja cha chupa, maji mpaka vifike vipimo ishirini na tano. Ya mama na ya mzee, zote sawa, tusimwonee mtu.”

Akaanza na ya mama. Alivuta sentimita za ujazo ishirini na tano kwa pipeti, akaachia kwenye flaski juu ya kigae cheupe, akatia tone la kiashiria. Maji yakawa pinki. Akafungua koki. Matone machache tu, pinki ikapotea. Akatia kile cha pili, maji yakawa manjano, akaendelea kudondosha kiasi kile kile tena. Yakageuka.

“Mbili na nusu,” akasoma. “Na pinki ilipotea kwenye moja na robo, nusu kamili ya safari. Umeona? Jivu hufanya hivyo siku zote. Ndani yake mna kaboneti, na kaboneti hupokea asidi kwa awamu mbili zilizo sawa.”

“Na mtu akiuchemsha ukolee?”

“Namba zitapanda. Lakini nusu itabaki kuwa nusu.”

Akaosha vyombo, akaleta ya mzee. Pinki ikawaka, safari hii ya kuumiza macho. Akafungua koki. Asidi ikashuka kupita tano, ikapita kumi. Pinki ikakaa pale pale.

“Mbona haipotei?” Jentrix akauliza.

Asidi ilipita ishirini. Mkono wa Mwalimu ukapunguza mwendo, tone, tone, akitikisa flaski. Karibu na ishirini na tisa pinki ikafifia, ikatoweka. Akatia kiashiria cha pili. Matone kidogo tu, kikageuka.

“Thelathini,” Mwalimu akasema, akaweka flaski chini. “Hakuna nusu hapa. Pinki imekula karibu asidi yote. Jivu limo, ndiyo, lakini limetembelewa na mgeni. Mtu ametia kostiki soda, Inspekta. Hii ya kutengenezea sabuni.”

Kimaiyo aliketi kwenye stuli. “Nyingi kiasi gani?”

Mwalimu akachukua chaki. Alizungumza akiandika, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mchovu.

“Asidi yangu ni moli sifuri nukta mbili kwa lita. Sentimita thelathini zake ni moli sifuri nukta sifuri sifuri sita. Hizo zimemaliza alkali ya sentimita ishirini na tano, kwa hiyo maji yaliyo kwenye flaski ni moli sifuri nukta mbili nne kwa lita. Lakini tuliyapunguza mara ishirini na tano, turudishe. Moli sita kwa lita.” Akapiga mstari chini yake. “Ya mama, kwa hesabu hiyo hiyo, ni nusu moli. Hii ni kali mara kumi na mbili.”

“Sasa niambie kwa lugha ya polisi.”

“Toa ile ya mama, zidisha kwa nusu lita ya chupa, zidisha kwa arobaini ambayo ni uzito wa moli moja ya kostiki. Gramu mia na kidogo. Zaidi ya nusu kikombe cha chai, Inspekta. Hapo mkono haukuteleza.”

Jentrix alishusha pumzi. “Basi mama wa Sirisia ametoka.”

“Mama ametoka,” Kimaiyo akasema. “Binti bado yumo.”

Jumapili, Saboti. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani, wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti za chini. Kimaiyo alimwita pembeni Gladwell, binti wa marehemu, ambaye pamoja na kikundi chake cha akina mama alitengeneza sabuni na kuiuza sokoni Kitale.

“Kostiki yako unaiweka wapi?”

“Kwa stoo. Debe la plastiki.”

“Ufunguo?”

“Unaning’inia jikoni kwa mama. Kila mtu wa hapa anajua.”

Akafungua. Alitazama ndani ya debe, akakunja uso. “Imepungua. Ati nani ameichukua?”

“Nani hukusaidia kazi?”

“Nangila. Kila Jumamosi, yeye ndiye mkorogaji.”

Kimaiyo alikuja kumtoa msichana shimoni, na sasa alikuwa akimfukia kwa koleo lake mwenyewe. Aliendelea kuuliza kwa kuwa ndiyo kazi.

“Mnakorogea kwenye nini?”

“Ndoo ya plastiki, na mwiko wa mti.”

“Kwa nini si sufuria?”

“Woi, afande! Kostiki na aluminiamu? Inachemka bila moto, sufuria inatoboka. Nangila alijua hiyo siku ya kwanza. Niliharibu kijiko mbele yake makusudi, aone.”

“Na mama yako?”

“Mama? Harufu inamuuma kichwa. Tukianza kuchanganya anaenda kwa jirani.”

Kimaiyo alimshukuru, akazunguka nyuma ya jiko la mjane, magoti yakilia. Hakujua anatafuta nini hasa. Kwenye banda la kuku palikuwa na sufuria ndogo ya kunyweshea, na chini yake udongo ulikuwa umelowa. Akaiinua. Kwa nje ilikuwa inang’aa, lebo ya dukani bado imebandikwa. Kwa ndani ilikuwa nyeusi, imeparuzika, na kitako kilikuwa na vitundu vidogo vilivyopitisha jua.

Mama Ngige, mjane mwenyewe, alikuwa peke yake jikoni akiangalia chai. Nyaruai lilikuwa jina lake. Alipoona sufuria mkononi mwa Inspekta, aliacha kukoroga.

“Pole kwa msiba, mama.”

“Asante.”

“Sufuria hii ni ya lini?”

“Ni ya zamani.”

“Ina lebo.”

“Basi ni ya juzi. Iliungua.”

“Ikaungua ndani, nje ikabaki inang’aa?”

Nyimbo za uani ziliingia kupitia mlangoni.

“Ulichanganyia nini humu?”

“Afande, mume wangu hajazikwa. Muulize Nangila. Yeye ndiye wa dawa.”

“Nangila hawezi kutia kostiki kwenye sufuria. Hata Gladwell hawezi. Wanajua itatoboka. Katika boma hili ni mtu mmoja tu aliyekuwa hajui.”

Nyaruai alijifunga leso upya, polepole. “Ile yao ni maji ya jivu. Inaunguza yenyewe.”

“Tumeipima. Ya mama yake haiunguzi mtu. Nilimwona akiinywa.” Kimaiyo aliivuta stuli akakaa, maana kusimama kulimshinda. “Kesho Nangila anasomewa mauaji. Akifungwa, mtoto ataenda naye gerezani, kwa kuwa bado ananyonya. Wataandikisha jina lake mlangoni. Nikumbushe, mama. Anaitwa nani?”

Mjane aliusukuma ukuni motoni.

“Jina lake, mama.”

“Nyaruai,” akasema. Alikaa chini, pale pale kando ya moto.

Jentrix aliingia, akasimama mlangoni. Kimaiyo akamsomea mama haki zake, kwa sauti ya mtu asomaye tangazo la mazishi. Nyaruai akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa.

“Sikutaka afe.”

“Ulitaka nini?”

“Nilimpikia huyo mtu tangu tukiwa kwa nyumba ya manyasi, afande. Githeri, mukimo, kila kitu anapenda. Halafu huyu akakuja. ‘Ngojeni Nangila alete yake.’ Mbele ya wageni! Sahani yangu inarudi jikoni imejaa, nawapatia kuku. Nikasema, nitaweka kidogo. Imuunguze ulimi tu. Aogope hiyo maji, arudi kwa chakula yangu.”

“Kidogo? Mwalimu alipima, mama. Ni zaidi ya nusu kikombe.”

“Hiyo ni ya pili.”

Kimaiyo aliinua macho.

“Ya kwanza niliweka kwa ncha ya kijiko,” Nyaruai akasema. “Akakunywa. Nikangoja apige kelele. Akalamba midomo. Unajua alisema nini? Alisema, ‘Safari hii mama ya Nangila ameitengeneza sawasawa. Hii sasa ndiyo dawa.’ Akanituma. Akasema niende nimwambie Nangila asante.”

“Ukaenda?”

“Nikaenda. Nikasimama kwa mlango yake, nikamwambia asante.” Aliufuta uso kwa ncha ya leso. “Halafu nikachukua ufunguo wa stoo.”

“Ulipoimwaga kwenye sufuria ilichemka bila moto. Uliona.”

“Niliona.”

“Ikatoa moshi.”

“Ikatoa.”

“Na bado ukairudisha kwenye chupa.”

“Nikairudisha,” Nyaruai akasema. “Nilikuwa nimekasirika, afande. Nilikuwa nimechoka na hiyo asante.”

Chai ilifurika ikazima kuni upande mmoja. Hakuna aliyeiepua.

Kituoni, mkuu alisoma maelezo yote, akayageuza, akaangalia sahihi. Hakuona aibu hata chembe.

“Si nilikwambia ni mtu wa nyumbani?” akasema. “Bora Jumatatu kuna mtu wa kupeleka.”

Kimaiyo hakuwa na nguvu za kubishana. Alichukua funguo, akaenda mwenyewe kumfungulia Nangila, akamwambia yuko huru, akusanye vitu vyake. Mengine alipanga kumweleza nje, taratibu, mtoto akiwa amebebwa na mtu mwingine. Lakini kituo kile kilikuwa na mlango mmoja tu na kaunta moja, na Nyaruai alikuwa tayari amesimama hapo, miguu mitupu, akivuliwa pete na Koplo Jentrix.

Nangila alitokea kwenye ujia wa seli, mtoto mgongoni. Alimwona mama mkwe wake, na uso wote ukamfunguka. Kwa siku zote zile za seli hakuna mtu wa Saboti aliyekuwa amekanyaga pale.

“Mama,” akasema, na machozi yakamtoka papo hapo. “Umekuja kutuchukua?”

Jentrix aliinama chini ya kaunta, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mtoto akachungulia begani kwa mama yake, akamtambua bibi yake, akamnyooshea mikono.

Nyaruai aliitazama ile mikono. Kisha akageuka, akaingia kwenye ujia kabla hajaambiwa, na Kimaiyo akamfuata na funguo.